UZI: Boksi la kutazama TV ya bure kwa intaneti, ukiwa Malindi au Lamu ununue lipi?

fundi_barani

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Nimeona niufungue huu uzi kwa sababu swali ni lile lile kila nikiingia nyumba ya mtu kufunga TV, iwe hapa mtaa wa Barani Malindi, iwe Muyeye, iwe Mambrui, na watu wa Lamu nao wanapiga simu: fundi, nataka kiboksi cha kutazama TV ya bure kwa waifai, ninunue kipi? Kila mtu anataka jina la boksi tu, nikianza kumuuliza una intaneti gani, ruta iko chumba gani, ananiona namzungusha. Simzungushi mtu. Boksi ndo kitu cha mwisho kuchagua, ukianza nalo utatupa pesa, na pesa siku hizi si za kuokota, inaniuma kweli kuona mzee wa watu amenunua kitu kikaishia juu ya kabati.

Kwanza kabisa, boksi halina chaneli ndani. Ni kompyuta ndogo tu, inachukua picha kwa intaneti inaipeleka kwa TV kwa waya wa HDMI, basi. Ile "bure" inatoka kwa stesheni yenyewe iliyoamua kurusha matangazo yake mtandaoni. Citizen, NTV, KTN, KBC, TV47, hizo zote zina laivu kwa YouTube, hulipi chochote, za nje pia ziko kama Al Jazeera na DW na France 24. Kwa hivyo boksi lolote linalofungua YouTube vizuri tayari linakupa karibu kila kitu cha bure ambacho ni halali. Muuza duka akikwambia "hili langu lina chaneli elfu nane maisha", anakuuzia kitu kingine, nitakifikia.

Pili, kama TV yako ni smati na YouTube yake bado inafunguka, huhitaji boksi. Narudia, huhitaji. Kuna watu wananunua boksi la kuchomeka kwa TV ambayo yenyewe ishaweza. Boksi ni la TV isiyo smati, au smati ya zamani ambayo apu zake hazipokei apdeti tena zinafungukia njiani zinajifunga.

Tatu, na hapa ndo watu wengi wanaumia, ni bando. YouTube wenyewe wanasema picha ya 480p (namba ikipanda picha inazidi kuwa safi) inataka megabiti 1.1 hivi kwa sekunde, 720p inataka 2.5, 1080p inataka 5, na 4K inataka 20. Zigeuze kwa saa sasa: 480p inakula kama nusu giga kwa saa, 720p giga moja na kidogo, 1080p giga mbili na robo, 4K giga 9. Yaani taarifa ya habari ya saa moja kila usiku kwa 480p ni giga 15 kwa mwezi, hiyo mtu anaweza. Lakini nyumba zetu mnazijua, TV inawashwa asubuhi watu wakinywa chai na inazimwa watu wakilala, hata tuseme masaa 6 tu kwa 720p, hiyo ni giga 200 na zaidi kwa mwezi. Kama unanunua bando za siku siku kwa simu halafu unafungua hotspoti, ndugu yangu hii TV si bure, ni ghali kuliko hata hizo za kulipia.

Kwa hivyo mwenye bando za simu ushauri wangu ni huu: nunua dikoda ya hewani ya kawaida ile isiyo na malipo ya mwezi, pamoja na antena ya UHF uiweke juu, uelekeze vizuri, umalize. Tangu tulipohamishwa kutoka analojia 2015 matangazo ya hewani Kenya ni DVB-T2, angalia tu hayo maandishi kwa katoni, DVB-T2, si DVB-T peke yake na si DVB-S2 ambayo hiyo ni ya dishi. Picha ni safi na haili hata shilingi ya data. Boksi la intaneti ni la yule mwenye faiba, au intaneti ya kulipia mwezi isiyo na kikomo, au Starlink, ile ya setilaiti.

Haya, sasa wewe una intaneti ya kutosha. Boksi liwe na nini?

Kubwa kuliko yote ni idhini ya Google. Kuna maboksi yanayotumia Android TV au Google TV halisi, na kuna maboksi yaliyowekwa Android ile ya simu ikapakwa sura ya TV. Kwa macho yanafanana. Lile halisi limepimwa, lina apdeti, YouTube yake ni ile ya TV inayoenda kwa rimoti, na Play Store yake imethibitishwa. Lile lingine utahangaika na kimshale kama cha kompyuta kila ukitaka kubonyeza kitu.

Ya pili ni chipu iwe inaweza kufungua VP9, na ikiwezekana AV1, hiyo ni mitindo ya kubana video, kwa chipu yenyewe. YouTube siku hizi inatuma picha nyingi kwa mitindo hiyo, na boksi lisiloweza linalazimisha prosesa ifanye kazi isiyo yake, linachemka, picha inaruka ruka na wewe unalaumu intaneti. RAM giga 2 inatosha kwa YouTube na taarifa. Mambo ya 8K na giga 128 yaliyoandikwa kwa katoni kwa herufi kubwa kubwa yaache huko huko, TV nyingi za inchi 32 zilizoko mitaani hazifiki hata 1080p, kioo chake ni 1366 kwa 768, sasa 8K utaionea wapi.

Ya tatu ni jinsi linavyoshika mtandao, yaani waifai ya 5GHz au tundu la waya. Hii kwa watu wa Lamu ni kubwa sana.

Kwa majina, ninayoyafunga mara nyingi ni Xiaomi TV Box S ya kizazi cha pili, ile iliyotoka 2023, inaenda na Google TV, RAM giga 2, AV1 inafungua. Kasoro yake haina tundu la waya wa mtandao. Google TV Streamer ya 2024 ina tundu la waya na RAM giga 4 lakini bei iko juu, kwa mtu wa taarifa na mawaidha naona ni kujitwika mzigo bure. Chromecast with Google TV Google waliacha kuitengeneza Agosti 2024, ukiipata safi bado ni kitu kizuri, lakini uwe na hakika ni mpya. Ulizeni maswali.

langoni_kwetu

Fundi Mola akuzidishie. Mimi niko Amu, yaani Lamu mjini, mtaa wa Langoni ndani ndani. Ruta yangu iko juu darini kwa sababu ndiko netiweki inakoshika, TV iko chini. Nikiwa juu napima napata 20 na kitu, nikishuka chini baa moja na mara haipo kabisa. Muuza duka aniambia ninunue boksi lenye antena mbili za nje ati zitavuta. Ni kweli?

fundi_barani

Si kweli ndugu yangu, usinunue antena za mapambo. Shida yako si boksi ni nyumba. Nyumba za mawe za Amu ukuta wake ni matumbawe na chokaa, upana wake futi moja na nusu na kuendelea, na sakafu ya juu nayo ni boriti na mawe na chokaa tena. Waifai inapotea humo. Na ile 5GHz ambayo ina kasi ndo inashindwa zaidi kupenya, 2.4GHz inapenya kidogo lakini mtaani kwenu kila gesti ina ruta yake zinagongana.

Dawa ni waya. Waya wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100 bila kupoteza kasi, nyumba yenu haifiki huko. Na usimruhusu mtu atoboe ukuta! Nyumba za mji wa kale zina plasta na zidaka (vile vishubaka vya ukutani) za miaka na miaka, mji wenyewe uko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, tundu moja la drili kwenye plasta ya chokaa linamega kipande kizima. Pitisha kiwandani, ule uwazi wa katikati ya nyumba. Waya unatoka darini, unateremka pembeni mwa kiwanda kwa ile pembe isiyopigwa mvua sana, unaingia ukumbini juu ya mlango, unafuata boriti mpaka nyuma ya TV. Boriti zimejipanga tayari, waya ukiulaza ubavuni mwa boriti hauonekani na hakuna kilichotobolewa.

Waya wenyewe chukua wa shaba tupu, si ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani rudisha. Ule wa aluminiamu kwa hewa yetu ya chumvi hauchukui muda unakatika katika kwenye plagi. Na sehemu inayopigwa jua uwe ni ule mweusi wa nje.

kijana_watamu

Fundi na heshima zote lakini naona mnatisha watu. Mimi niko na boksi la kichina la bei ya chini kabisa, nimelichomeka tu, lina ligi ya Uingereza, lina sinema mpya, lina chaneli za dunia nzima, silipi mwezi. Sasa hiyo idhini ya Google itanisaidia nini mimi? Si ni njia ya kuuza vitu ghali tu

fundi_barani

Kaka nakuelewa, na sikuuzii kitu. Ligi ya Uingereza huku kwetu haki yake iko kwa SuperSport, ambazo ni chaneli za kulipia. Kama boksi lako linaionyesha bure kuna mtu anaiba mahali anakupitishia wewe, na leo iko kesho link imekufa. Hilo la sheria unalijua, mimi hofu yangu kubwa ni hili jingine.

Maboksi haya yasiyo na idhini, mengi yamekutwa na virusi vimewekwa tangu kiwandani, kabla hata hujafungua katoni. Januari 2023 kuna mtaalamu alipekua boksi aina ya T95 lililonunuliwa mtandaoni akakuta linazungumza na seva za watu wabaya lenyewe. Mwaka huo huo Oktoba kampuni ya usalama ya HUMAN ikaeleza mtandao mzima wa vifaa kama hivyo wakauita BADBOX. Desemba 2024 Ujerumani wakakata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 nchini mwao vyenye virusi hivyo. Juni 2025 FBI ya Marekani wakatoa onyo kwa wananchi kuhusu BADBOX 2.0, na Julai Google wakawafungulia kesi wahusika, wakataja vifaa zaidi ya milioni 10.

Sasa vinafanya nini ndani ya nyumba yako. Wanakodisha laini yako. Mtu yuko huko anakofanya uhalifu wake, anapitisha kwa boksi lako, ikitazamwa inaonekana imetoka Watamu kwa intaneti yako. Lingine boksi linabofya matangazo lenyewe usiku kucha wewe umelala, bando linakwisha hujui limeenda wapi. Na liko kwa waifai moja na simu yako yenye M-Pesa. Mimi siwezi kumfungia mteja kitu kama hicho nikalala.

Dalili walizotaja FBI ni rahisi: jina la kampuni halijulikani, linauzwa kwa maneno ya "limefunguliwa, kila kitu bure", linakuomba uzime Play Protect, ule ulinzi wa Google wa kuzuia apu mbaya, au linataka ushushe apu kutoka duka la ajabu lisilo Play Store. Nenda kwa boksi lako, fungua Play Store, ingia setingi, tafuta palipoandikwa Play Protect uone kama kifaa kimethibitishwa. Kama hakijathibitishwa, litoe kwa waifai. Kurudisha setingi za kiwandani hakusaidii maana virusi vyenyewe ndivyo vya kiwandani.

kijana_watamu

Nimeangalia. Haijathibitishwa. Na kweli bando langu la mwezi lilikuwa linaisha mapema nikadhani ni jirani ananidokoa waifai

fundi_barani

Badilisha na paswedi ya waifai pia, boksi lilikuwa nayo. Na paswedi ya akaunti ya Google uliyoingiza mle, ibadilishe kwa simu, leo hii.

mzee_wa_gadeni

Vijana, mimi haja yangu ni moja. Nina dishi la futi sita juu la tangu zamani, nililiweka kwa ajili ya kutazama Makka. Upepo wa kusi kila mwaka walipindua, fundi aja alirudisha, nalipa. Naambiwa Makka yapatikana kwa intaneti. Itakuwa ni ile ile ama ni video za watu?

fundi_barani

Shikamoo mzee wangu. Ni ile ile. Chaneli ya Qur'an ya Saudia inayoonyesha Msikiti Mtukufu wa Makka masaa yote, na ile ya Sunna inayoonyesha Madina, zote mbili ziko laivu kwa YouTube. Tarawehe utaiona kama ulivyozoea, inachelewa tu sekunde kadhaa kulingana na dishi. Kitu cha kuangalia ni kimoja mzee, kuna watu wanarekodi kipande cha zamani wanakirusha wakiandika laivu. Umwambie mjukuu atafute ile ya chaneli yenyewe, abonyeze kujiunga, halafu itakuwa inakaa mbele kila ukifungua.

Lakini mzee dishi usiling'oe. Intaneti ya pwani kwa sehemu kubwa hutegemea nyaya za baharini zinazotia nanga Mombasa, na zikikatika tunaumia sote, kama ile Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika pamoja Afrika Mashariki yote ikazorota. Dishi halina habari na hayo. Mwambie fundi wako alitie waya za kulifunga pande tatu kabla ya kusi kuanza, halitapinduka.

mwana_wa_shela

Dada yangu yuko Uingereza anasema huko kuna kitu kinaitwa Freely, TV za bure zote kupitia intaneti bila antena, na kuna maboksi yake. Anataka kunitumia moja Lamu. Nimwambie atume?

fundi_barani

Mwambie asitume, hiyo pesa akutumie uchukue waya na boksi la hapa. Freely ni kitu cha kweli na ni kizuri, ilianza Aprili 2024, nyuma yake wako BBC, ITV, Channel 4 na Channel 5, mtu anatazama chaneli zao laivu kwa brodibendi. Lakini imetengenezwa kwa walioko Uingereza, matangazo yale yana haki za nchi ile tu. Ukilileta Shela litawaka vizuri, litaonyesha taa, na chaneli hazitafunguka. Ni sawa na BBC iPlayer, apu ya BBC ya kutazama. Na wale wanaofanya kazi majumba ya Wataliano hapa Malindi mnaniuliza kuhusu RaiPlay, apu ya stesheni ya Italia, jibu ni lilo hilo, sehemu kubwa yake imefungiwa walioko Italia.

Mimi natamani Kenya tungekuwa na kitu kama Freely. Stesheni zetu nyingi ziko YouTube lakini kila moja kivyake, sijaona mahali pamoja unabonyeza namba kama zamani ukapita kutoka KBC mpaka Citizen. Mtu wa makamo anayejua 1, 2, 3 ya rimoti unamwambia atafute laivu ya leo kati ya video hamsini, ni kumtesa. Hilo ni jambo stesheni zenyewe zingekaa zikalitengeneza, maana wateja wako.

mama_wa_mpeketoni

Sisi tumeingiza Starlink mwaka jana tukishirikiana na jirani. Nauliza mawili. Watoto wana nini cha bure cha Kiswahili, na hii mechi ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ilikuwa KBC lakini nilipofungua KBC ya YouTube nikaona wanaweka kitu kingine, mbona?

fundi_barani

Mama nianze na mechi, maana hili linawachanganya wengi. Stesheni ikinunua haki ya kuonyesha mechi, mara nyingi inanunua ya hewani peke yake, ya mtandaoni ni mkataba mwingine na bei nyingine. Kwa hivyo mechi ikianza wanafunika ile laivu ya YouTube kwa kipindi kingine, au wanaizima. Si boksi lako wala si Starlink. Ndo maana nasema hata mwenye intaneti nzuri aweke na antena ya hewani, ichomekwe kwa tundu la antena la TV kama TV ina DVB-T2 ndani, au dikoda ya bure kwa HDMI ya pili. Na hata pale mechi inapokuwa mtandaoni, picha ya intaneti inachelewa nyuma ya hewani, jirani mwenye antena atapiga kelele za goli wewe bado unaona mpira uko katikati ya uwanja.

Watoto, hewani kuna Akili Kids, ya Kenya, bure tangu 2020. YouTube kuna Ubongo Kids kutoka Tanzania, Kiswahili safi, hesabu na sayansi, mimi naipenda sana. Fungua profaili ya mtoto kwa Google TV, uweke na pini, ile YouTube ya wakubwa usiwaachie wenyewe. Starlink yenu kama ruta yake ni ile ya kizazi cha tatu ina matundu mawili ya waya, kizazi cha pili haina mpaka ununue kiunganishi chake.

mokowe_jeti

Mimi yangu ni ile ya fimbo inachomekwa nyuma ya TV. Inawaka inafika kwa nembo inazima, inarudi, inazima. Nimeambiwa imeungua.

fundi_barani

Umeme wake unautoa wapi? Kama umechomeka USB ya TV ndo hiyo. USB nyingi za TV zinatoa nusu ampea, fimbo inataka zaidi hasa ikianza kufungua picha, inakosa nguvu inajizima. Tumia chaja yake iliyokuja nayo, kwa soketi ya ukutani. Ukikuta imepona usiitupe. Na umeme wa huko ukirudi baada ya kukatika huwa unarudi kwa kishindo, TV na boksi vyote vikae kwa TV gadi.

mokowe_jeti

Imekubali kaka. Ni chaja tu. Shukran sana, nilishaambiwa nilete nyingine

langoni_kwetu

Fundi nimerudi. Waya umeteremka kiwandani kama ulivyosema, nimechomeka kompyuta ya mtoto pale ukumbini nikapata 20 ile ile ya juu. Sasa ni boksi. Nimekuja Malindi leo, niko dukani nimesimama, kuna mawili. Moja ni hiyo Xiaomi ya kizazi cha pili, haina tundu la waya. Jingine jina silijui, limeandikwa 8K, giga 128, lina tundu la waya, na ni rahisi zaidi. Mwenye duka anasema la pili ndo la watu wenye waya. Nichukue lipi?

fundi_barani

Chukua Xiaomi. Muulize mwenye duka kiunganishi cha USB cha waya wa mtandao, kile kidogo chenye tundu upande mmoja, vinauzwa duka za kompyuta pia ukikosa hapo. Boksi lina USB moja, kitakaa humo.

Ila usilipe kabla halijawashwa. Mwambie alichomeke kwa TV ya dukani, na hapo fanya haya nikiwa bado niko mtandaoni: katoni iwe na plastiki yake na namba ya nyuma ya boksi ifanane na ya katoni. Likiwaka lianze kwa Google TV lenyewe, likuombe kuingia akaunti, lisikuletee apu za mechi zimejaa tayari. Ingia Play Store, setingi, uone kuthibitishwa. Fungua YouTube, tafuta laivu ya Citizen au yoyote, iache iende kama dakika kumi huku mnaongea, weka 720p, gusa boksi juu kama lina joto la kawaida. Chomeka kiunganishi cha waya kama kipo, uone setingi za mtandao zinaonyesha waya na si waifai.

langoni_kwetu

Namba zafanana. Limeanza kwa Google TV. Play Protect imethibitishwa. Laivu yaenda, yuko mtangazaji wa saa saba. Kiunganishi hana hapa, anasema duka la pili mkono wa kulia wanacho

fundi_barani

Basi lipa, uchukue risiti yenye muhuri na namba ya boksi iandikwe juu yake kwa kalamu, bila namba warandi hawatakubali. Kiunganishi mwambie ni cha USB 2.0 kinatosha, usilipie zaidi. Ukifika Amu usiweke boksi dirishani upande wa bahari, liweke ndani ya kidaka kilicho wazi lipate hewa, na kila baada ya muda chomoa HDMI utazame kama kuna ule ukijani wa chumvi kwenye ncha, ukiuona futa kwa kitambaa kikavu, boksi na TV vikiwa vimezimwa.

mzee_wa_gadeni

Langoni, ukishafika upite na kwangu unitilie na mimi hiyo chaneli, mjukuu yuko shule Mombasa.

langoni_kwetu

Naam mzee, nikishuka Mokowe nikivuka naja kwako kwanza inshallah.